Shuka lililolowa

Nimetoka zamu ya usiku na usingizi umekataa kuja. Upepo wa Agosti unapeperusha vumbi jekundu nje ya dirisha, na mimi bado namfikiria babu wa kitanda cha pembeni, mkulima wa zabibu kutoka upande wa Hombolo, hapa Dodoma.

Nilipopokea zamu jana nilikuta shuka lake limelowa. Nikambadilishia, kisha nikamuuliza, "Babu, haja ndogo unapata?" Akajibu, "Napata, mjukuu wangu," huku macho yake yakiwa ukutani. Nikaandika kwenye faili kwamba anakojoa vizuri, na maneno hayo ndiyo yanayoniuma.

Ilipofika saa tisa usiku alikuwa hatulii, jasho linamtoka, mikono ameikumbatisha chini ya tumbo. Muuguzi aliyekuwa akisimamia zamu alivuta pazia, akamwomba radhi na ruhusa, akaweka kiganja juu ya kinena, akakuta uvimbe wa mviringo, mgumu, uliokaribia kitovu, na alipougonga kwa kidole ulitoa sauti nzito ya kitu kilichojaa. Kibofu cha mtu mzima kwa kawaida hubeba mililita 400 hadi 600; daktari alipoagiza mpira wa mkojo, mfuko ulipokea mililita 1,100. Kilicholowesha shuka, basi, hakikuwa kukojoa. Kibofu kilikuwa kimefurika, kikawa kinavuja ziada tu.

Huku kwetu kiangazi hutudanganya. Wazee hunywa maji machache, kwa hiyo tukiona mkojo kidogo tunasingizia ukame na joto la mchana, ilhali figo za mtu wa kilo 60 zinatakiwa kutoa angalau mililita 30 kwa saa, na zikitoa chini ya hapo ni lazima tutafute sababu. Ningepaswa kumuuliza kama mkojo hutoka kwa nguvu au hudondoka, kama hubaki na hisia kwamba haujaisha, na huamka mara ngapi usiku. Ningepaswa kupima kwa chupa badala ya kukisia kwa shuka, kisha kumshika tumbo.

Tena ningepaswa kutazama nani ameketi kando yake. Alikuwa mkwewe, mke wa mwanawe, na mimi nilimuuliza mzee habari za haja yake mbele ya mkwe! Angejibu nini zaidi ya "napata"? Alfajiri, mama yule alipotoka kutafuta uji, babu alinieleza mwenyewe, kwa sauti ya chini, kwamba tangu mavuno ya mwezi wa tatu amekuwa akisimama shambani muda mrefu akisubiri mkojo utoke, na kwamba hakumwambia mtu. Daktari anahisi ni tezi dume, na vipimo vitafuata.

Hadi nilipoondoka nilikuwa nikipima mkojo kila saa, kwa sababu kizuizi kikishaondoka mwili waweza kumwaga maji kupita kiasi; tumekubaliana kwamba mkojo ukizidi mililita 200 kwa saa, saa mbili mfululizo, daktari aitwe mara moja. Mfuko nimeufunga kwenye fremu ya kitanda, chini ya usawa wa kibofu, bila kugusa sakafu. Kwenye faili, ile sentensi yangu nimeikata kwa mstari mmoja ili iendelee kusomeka, nikaweka saa na sahihi, na chini yake nikaandika nilichokiona.