Kitimoto ya pilipili, usiku wa theluji Jeonju

Mi nimekulia Tukuyu, kitimoto kwetu ni ya sikukuu na ya siku za kawaida pia, na nilipokuwa nasoma Dar nimeila sana Sinza, ile ya kukaanga na ndizi na pilipili pembeni, kwa hiyo nilivyopata skolashipu ya serikali ya Korea Kusini na kufikia Jeonju sikuhangaika mezani kama baadhi ya wenzangu. Wakorea nguruwe wanamla haswa. Kuna chakula chao kinaitwa jeyuk bokkeum, wengi wanasema jeyuk tu, ni nyama ya nguruwe iliyokatwa nyembamba ikakaangwa moto mkali na rojo nyekundu ya pilipili, kila mgahawa wa wanafunzi unacho, madereva wanakila, wanajeshi wanakila, na ukikipika mwenyewe nyumbani nusu saa ni nyingi. Kuna jioni moja nilikipika kwa kasi kuliko siku zote, na hiyo ndo nataka kuiandika.

Nilikuwa nimepanga chumba maeneo ya Deokjin, karibu na chuo kikuu cha Jeonbuk, ghorofa ya pili kwenye nyumba ya wazee wawili, wao wanakaa chini. Skolashipu ile mwaka wa kwanza unasoma lugha tu, lazima ufaulu mtihani wao wa TOPIK angalau ngazi ya tatu ndo uanze masters, kwa hiyo jioni nyingi nilikuwa geto na madaftari, na mama mwenye nyumba anapanda ngazi na kibakuli cha kimchi (kabichi yao ya kuchachushwa na pilipili) au viazi vitamu vya kuchoma, anagonga, anauliza umekula? Jibu hasubiri, anaweka bakuli mezani anashuka. Mi nilimwita Bibi na mumewe Babu, kwa lugha yao, na wao wakaniita mwanafunzi tu. Jina langu walikuwa wanalijua vizuri ila mwanafunzi ndo ilikuwa imeshika.

Jeyuk alinifundisha yeye mwenyewe, kwenye jiko langu dogo la gesi la plate moja. Alisimama nyuma yangu mikono mgongoni, hagusi kitu, anasema "bado", "bado", "haya sasa". Kwenye migahawa wengi wanaloweka nyama kwenye rojo mapema halafu wanaitupia motoni, Bibi hakupenda hivyo, alisema ile rojo ina utamu ndani yake, ikikutana na flampeni ya moto kabla nyama haijaiva inaungua nje huku ndani nyama inachemka kwenye maji yake. Kwake nyama inaanza peke yake.

Na rojo yenyewe, gochujang, hakununua dukani. Kazaliwa Sunchang, kusini kidogo ya Jeonju, na Korea nzima ukitaja Sunchang mtu anakujibu gochujang. Nyumba ilikuwa na paa bapa la zege na juu kule alikuwa kapanga mitungi yake ya udongo, mikubwa nyuma midogo mbele. Soya inachemshwa, inapondwa, inafinyangwa mabonge inaachwa ichache na kukauka, inasagwa, inachanganywa na unga wa mchele wa kunata, kimea, chumvi na unga wa pilipili nyekundu, halafu inakaa mtungini miezi na miezi. Jua likiwaka anapanda kufunua, jioni anapanda kufunika, mguu wenyewe ulikuwa unamuuma. Mi huwa nasema watu wanaosifia jeyuk kwamba ni chakula cha haraka wanahesabu dakika za jikoni tu, ile miezi ya juu ya paa hawaijui.

Sasa ilikuwa Januari, theluji inashuka toka alfajiri, na asubuhi ile gari la wagonjwa lilikuja kumchukua Babu. Kifua. Nilisikia vishindo chini nikashuka na slipa, nikamkuta Bibi ameshika viatu vya Babu mkononi anazunguka navyo sebuleni, vijana wa gari la wagonjwa wanamwambia mama twende, nikavichukua vile viatu nikavitia kwenye mfuko nikampa, wakaondoka. Siku nzima darasani sikusikia mwalimu anasema nini.

Jioni giza limeshaingia nikasikia mlango wa chini. Nikashuka. Alikuwa karudi na basi, peke yake, kuchukua nguo na blanketi, maana kwa Wakorea mgonjwa akilazwa ndugu analala naye wodini, kuna kitanda kifupi cha kukunja kinawekwa pembeni, mtu mzima miguu inaning'inia. Akaniambia Babu wamempeleka kwenye mashine wamemwekea kitu kwenye mshipa wa moyo, anaongea, amelala. Binti yao alikuwa njiani anatoka Gunsan na gari, amrudishe hospitali, na kwa theluji ile alisema labda dakika arobaini. Nikamuuliza Bibi umekula? Akasema nimekunywa maji. Toka asubuhi! Mama wa miaka zaidi ya sabini.

Nikamwambia Bibi kaa hapo kwenye sakafu (sakafu zao zinapashwa joto kwa chini, ukikaa unasikia joto linapanda mpaka mgongoni), panga nguo taratibu, mi napika. Akasema usisumbuke mwanafunzi. Nikawa nishapanda ngazi.

Frijini nilikuwa na nyama, geun moja, ndo kipimo chao cha bucha, gramu 600, nyama ya mguu wa mbele maana ni ya bei nafuu na ina mafuta ya kutosha, bucha la mtaani alishanikatia nyembamba kwa mashine. Kabichi robo, karoti moja, vitunguu viwili, majani ya kitunguu yale marefu mazito. Vitunguu swaumu nilikuwa nimeshavitwanga vya wiki nzima. Gochujang ndo ilikuwa imeisha, na kwa yule mama siku ile nisingeweza kuweka ya kopo, kwa hiyo nikabeba bakuli na kijiko nikatoka nje nikapanda paani na tochi ya simu. Theluji ilikuwa imejaa juu ya vifuniko kama unga. Nikaifuta kwa mkono, nikanyanyua kifuniko cha mtungi wa tatu, ule aliokuwa anachota yeye, juu rojo imekuwa nyeusi ngumu kwa baridi na jua la miezi yote ile, nikabonyeza kijiko pembeni kikaingia, na kilivyotoka chini yake ni nyekundu inang'aa, inavutika, harufu yake ina uchachu na utamu kwa pamoja. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi. Nikafunika vizuri, hilo sikulifanyia haraka.

Nikawasha raiskuka kwanza, wali wa haraka, halafu flampeni ikapata moto mpaka ikatoa moshi. Nyama ndani, nusu kwanza, maana ukijaza flampeni ndogo nyama inatoa maji inakuwa mchuzi. Kijiko cha chakula cha sukari juu ya nyama, nikageuza, nikaacha, nikageuza, mpaka maji yakakauka yakabaki mafuta yake na kingo zikaanza kuwa kahawia. Nusu ya pili hivyo hivyo, nikairudisha yote pamoja. Tangawizi na kitunguu swaumu. Halafu ile sehemu ninayoipenda kuliko zote, sosi ya soya vijiko vitatu, humwagi juu ya nyama, unamwaga pembeni kwenye chuma, inalia shwaaa inaungua kidogo kabla haijafika kwenye nyama na harufu yake inabadilika kabisa, inakuwa ya moshi. Gesi nikapunguza. Gochujang vijiko viwili vilivyojaa, unga wa pilipili viwili, nikakoroga haraka haraka na moshi wa pilipili ukapanda, nikafungua dirisha na theluji ikaanza kuingia ndani inatua kwenye madaftari yangu, acha itue. Gesi juu tena, kabichi, karoti, vitunguu, dakika mbili tu vibaki vinakatika menoni, majani ya kitunguu, nikazima. Mafuta ya ufuta na ufuta wenyewe juu. (Wasomaji wangu Waislamu, rojo hii kwa paja la kuku lisilo na mfupa ni tamu sana, na wao wenyewe kule Chuncheon wanasifika kwa kuku wa namna hiyo.)

Nikashuka na flampeni mkono mmoja na sufuria ya wali mkono mwingine. Bibi alikuwa amekaa palepale, blanketi limekunjwa, nguo za ndani za Babu zimepangwa juu yake, anaziangalia. Nikavuta meza fupi, nikapakua, nikampa bakuli kwa mikono miwili nimepiga magoti, kwao inakubalika na kwetu Tukuyu ndo tulivyofundishwa kumpa mkubwa chakula, kwa hiyo mwili ulijua wenyewe.

Alikaa kidogo na kijiko mkononi. Halafu akaonja kipande, akatafuna, akanitazama, akauliza mtungi upi? Nikasema wa tatu. Akaitikia kwa kichwa akaanza kula. Na alikula aisee, wali, nyama, kimchi, wali, hakusema kitu mpaka bakuli likafika nusu, rangi ikaanza kurudi usoni. Ndo akachukua jani la letasi, akaweka wali kidogo, vipande viwili vya nyama, kitunguu swaumu kibichi, akakunja vizuri likawa bonge, akanyoosha mkono moja kwa moja mdomoni kwangu. Ukilishwa hivyo unafungua mdomo wote, hakuna kung'ata nusu. Nikawa natafuna na machozi yananitoka na wala pilipili haikuwa sababu.

Ndo akaanza kuongea kuhusu Babu. Babu alikuwa mwalimu mstaafu wa historia, na kila akiniona nakula pilipili bila shida anaanza somo, kwamba pilipili asili yake Amerika, kwamba wengi wanaamini iliingia Korea miaka ya ile vita ya 1592 Wajapani walipovamia, na kabla ya hapo kimchi haikuwa nyekundu. Siku niliyomwambia hata kwetu ng'ambo ya bahari pilipili imekuja kutoka hukohuko Amerika, na meli za Wareno zinatajwa, alifurahi akaenda kumsimulia jirani. Bibi akasema asubuhi ile ndani ya gari la wagonjwa Babu kaweka mkono kifuani anamwambia kijana wa huduma, kijana wewe umesomea wapi, mwalimu wako wa historia nani? Tukacheka wote wawili, yeye mpaka akashika meza.

Binti akafika na theluji mabegani, hajavua koti, akala akiwa amesimama kwa vijiti vya mama yake. Iliyobaki Bibi akaitia kwenye chombo cha chuma chenye mfuniko, akasema kitanda cha pili kuna mke wa mgonjwa naye hajala. Nikabeba blanketi mpaka kwenye gari.

Kesho yake mchana binti akaniandikia KakaoTalk, yule mama wa kitanda cha pili anauliza sosi ya soya ni vijiko vingapi. Nikamjibu vitatu, na asimwage juu ya nyama.

Babu alirudi nyumbani kabla ya mwaka wao mpya wa kalenda ya mwezi, kakonda, kofia ya sufu imemfika machoni, na kitu cha kwanza kuniuliza ni ile jeyuk waliyokula watu wote wodini isipokuwa yeye. Nikapika tena, chini safari hii, jikoni kwao, Bibi mikono mgongoni. Daktari alikuwa kamkataza chumvi, kwa hiyo gochujang ikawa kijiko kimoja na soya matone tu, na Babu akaonja akasema mwanafunzi hii imepoa, ongeza. Bibi akasema usimsikilize. Nikaongeza unga wa pilipili, maana ule hauna chumvi.