Nilivyopata saizi sahihi ya tairi za Escudo yangu

Mchanga wa ufukwe wa Vumawimbi, Pemba, ulinizamisha mara mbili, nikaamua kuivisha Escudo yangu tairi kubwa. Nikafunga 245/75R16. Gari ilipendeza kwelikweli! Lakini kufika Konde, nakata kona, nikasikia krrr. Kuinama kutazama, plastiki ya ndani ya madigadi imeliwa hadi kutoboka na ukingo wa tairi umechunika.

Fundi wangu wa Chake akaniambia, "Yakhe, umenunua kwa macho. Soma namba." Tukakaa na karatasi. Kwenye tairi za awali, 225/70R16, 225 ni upana kwa milimita, 70 ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana huo, 16 ni ringi kwa inchi. Kipenyo chake ni milimita 721 hivi. Zile nilizofunga zilifika 774, zaidi kwa asilimia 7. Ndiyo maana gari ilikuwa nzito kuondoka, na mshale wa spidi ukisoma 60 kumbe nakwenda 64.

Nikachukua 225/75R16 kwa ringi zilezile: upana uleule, kipenyo 744. Gari imeinuka milimita 11 tu, maana nusu ya nyongeza inabaki juu ya ekseli. Tukapakia watu wanne, tukakata usukani hadi mwisho kulia na kushoto. Vidole vyangu vilipita kati ya tairi na madigadi.

Mchangani kilichonisaidia zaidi ni upepo wa tairi: napunguza kutoka psi 32 hadi 18, kisha najaza tena kwa pampu ndogo kabla ya kushika lami.