Stesheni Saba Baada ya Nagano

Baba yangu ni mtu wa reli. Alianza kupunga bendera ya kijani Korogwe kabla sijazaliwa, akastaafu huku njia ya Tanga ikiota majani, maana treni ya abiria ilikwishaacha kwenda Moshi tangu miaka ya tisini. Mpaka leo ukimwamsha usiku wa manane atakutajia stesheni kwa mpangilio: Ngomeni, Muheza, Korogwe, Mombo, Buiko, Same, Kahe, Moshi. Nilipopata nafasi ya kusoma Japani hakuuliza habari za chuo wala baridi. Aliuliza, "Hiyo treni yao ya mwendo kasi utaipanda lini?"

Nilikaa mwaka na miezi bila kuipanda. Nauli yake si ya mwanafunzi. Kila nikipiga simu nyumbani, baada ya shikamoo na marahaba, swali ni lilelile, nami najiumauma tu. Mwishowe, Novemba 2018, sikukuu ya tarehe 23, siku Wajapani wanapowashukuru wafanyakazi, iliangukia Ijumaa. Siku tatu za mapumziko. Nikavunja kibubu.

Kila mtu alinitajia Kyoto. Nikachagua Kanazawa, mji wa pwani ya pili, upande wa Bahari ya Japani, kwa sababu ambayo ningeona haya kuwaambia wenzangu darasani: reli ya mwendo kasi kutoka Tokyo ilifika huko Machi 2015 tu, nikajua baba atapenda kusikia habari za njia mpya.

Ubahili ukaniponza. Kuna treni iitwayo Kagayaki, ambayo kila kiti chake hukatiwa tiketi ya namba, na siku ile ilikuwa imejaa. Iliyofuata, Hakutaka, ina mabehewa ya anayewahi ndiye anayekaa. Mimi nilipandia Omiya, kaskazini ya Tokyo, waliowahi walishakaa zamani. Nikasimama mlangoni, begi katikati ya miguu. Kwa kweli sikuona vibaya. Baba husimulia watu waliosimama kutoka Korogwe mpaka Same na kuku mkononi, nikajiona nimerithi. Tofauti ni kwamba pale niliweza kusimama bila kushika chochote, treni inakwenda kilomita 260 kwa saa, na chupa yangu ya maji niliyoiweka sakafuni haikutikisika. Kondakta alipomaliza kupita behewani aligeuka, akatuinamia sote, ndipo akatoka.

Nagano watu wengi walishuka nikapata kiti. Kutoka hapo nikaanza kuandika majina kwenye daftari: Iiyama, Jōetsu-Myōkō, Itoigawa, Kurobe-Unazukionsen, Toyama, Shin-Takaoka, Kanazawa. Stesheni saba. Sehemu ndefu za safari hiyo ni gizani, ndani ya mahandaki. Milima inapita dirishani kama mtu anayefungua na kufunga mlango.

Nilishuka mvua inanyesha. Mbele ya stesheni kuna lango kubwa la mbao, nguzo zake zimesokotwa kama kamba za ngoma wanayoipiga kwenye michezo yao ya jadi ya nō, na nyuma yake paa pana la vioo. Wenyeji wanasema paa hilo ni mwavuli anaonyooshewa mgeni. Mimi mwavuli sikuwa nao. Nilifika nyumba ya wageni nimelowa chapachapa. Mwenye nyumba, bibi mfupi niliyemwita Okami-san kama wanavyoitwa wanawake wa kazi hiyo, alinitazama kuanzia kichwani hadi soksi, akanambia msemo wa kwao: ukisahau chakula sawa, usisahau mwavuli. Akanipa mmoja wa plastiki unaoonyesha upande wa pili.

Usiku ikaja radi. Si ngurumo ya mbali, ni radi ya kutikisa vioo. Kwetu Tanga radi ikipiga vioo vya kujitazamia hufunikwa kanga, mama hakuwa na mjadala katika hilo. Nikajikuta nimeinuka kwenye godoro la sakafuni, nimekitundikia kioo cha chumbani taulo. Asubuhi Okami-san aliliona. Nilipomweleza kwa Kijapani changu cha kuungaunga, alicheka mpaka akakaa chini. Akasema ile ni radi njema, wanaiita mwamsha-buri. Buri ni samaki mkubwa wa ukoo wa kolekole, na ngurumo za mwanzo wa baridi ndizo zinazowaambia wavuvi kwamba amefika. Nikaenda soko la Ōmichō kumtazama. Alikuwepo, amelazwa juu ya barafu, mnene kama paja. Bei yake nikaiacha palepale.

Nilikokaa muda mrefu ni bustani ya Kenrokuen, iliyotengenezwa na ukoo wa Maeda, watawala waliojisifu kwa mapato ya zaidi ya koku milioni moja za mchele, ambapo koku moja ilihesabiwa kumtosha mtu mmoja mwaka mzima. Theluji ya upande ule ni ya majimaji na nzito, huvunja matawi. Kwa hiyo kuanzia Novemba mosi mafundi husimamisha mlingoti katikati ya msonobari na kuteremsha kamba kutoka kileleni, kila tawi na kamba yake. Mti uitwao Karasaki peke yake unachukua milingoti mitano na mamia ya kamba. Ukiwa mbali unaona miavuli iliyobaki mbavu tupu. Nilisimama chini ya mwavuli wangu kumwangalia mzee mmoja juu ya ngazi akifunga fundo, anakaza, anapiga tawi kwa vidole, anasikiliza, anahamia lingine. Alifanya matawi sita na hakuharakisha hata moja. Theluji yenyewe ilikuwa haijaanguka hata chembe.

Ngome ya mji niliipita haraka. Iliungua mwaka 1881 na mengi yanayoonekana ni ya kujengwa upya. Higashi Chaya, mtaa wa nyumba za mbao zenye fito nyembambanyembamba madirishani, ulinikumbusha wanawake wa pwani wanaoona barabara wasionekane. Huko nikanunua aiskrimu iliyofunikwa karatasi ya dhahabu halisi, kwani karibu dhahabu yote ya namna hiyo nchini Japani hufuliwa Kanazawa, na unyevu wa mji husaidia, hewa ikiwa kavu karatasi hiyo inarukaruka na kunata. Dhahabu haina ladha. Imenata mdomoni tu, na yeni 900 zimekwenda.

Jumapili nikarudisha mwavuli, nikaenda stesheni mapema, nikampigia baba nikiwa jukwaani. Kwao ilikuwa mchana.

"Zinasimama wapi?" Nikamsomea daftari. Akarudia polepole, akakwama kwenye Jōetsu-Myōkō, akalirudia tena.

"Mabehewa mangapi?"

"Kumi na mawili."

"Mataruma ni ya mbao au ya zege?"

Sikuwa nimetazama vile vipande vinavyolazwa chini ya reli. Nikatembea hadi mwisho wa jukwaa, nikachungulia njia ya upande wa pili. "Hakuna mataruma, baba. Reli zimelazwa juu ya bamba la zege."

Kimya. Nikadhani simu imekatika.

"Hakuna mataruma kabisa?"

"Kabisa."

"Sasa watu wa gengi wanafanya kazi gani?"

Watu wa gengi, yaani watunza njia. Nikakosa jibu. Kengele ya jukwaani ikaanza kulia, nikamwambia treni inaingia, nitapiga nikifika.

"Usikate," akasema. "Ishushe simu nisikie inavyofunga breki."

Nikaunyoosha mkono kuelekea relini.