Kitako cha bunduki ya vita si lazima kiwe walnati

Ukishika Lee-Enfield, bunduki ya askari wa Uingereza, ya Vita Kuu ya Pili, usikimbilie kusema mbao yake ni walnati. Walnati ndiyo ilipendwa: nyepesi kiasi, haipindi ovyo, haipasuki kirahisi. Ila hukauka taratibu, na vita havisubiri. Waingereza wakatumia sana mbao za miti mingine, bichi na betula. Kuzitofautisha, tazama ubavuni penye mwanga: bichi ina vijimstari vifupi vya kahawia, vingi kama vimechorwa kwa kalamu, betula ni nyeupe-nyeupe, haina.

Australia, kiwanda cha silaha cha Lithgow, kilichotengeneza Lee-Enfield pia, kilitumia mbao za miti ya kwao, hasa uitwao coachwood. Ni laini, hivyo waliweka vibati vya shaba pale chuma kinaposukuma mbao wakati wa teke, yaani bunduki inaporudi nyuma ikifyatuliwa. Sehemu hiyo ikilegea, chuma hucheza na mbao hupasuka. Kaza skrubu upendavyo, ufa utarudi tu.

Wajerumani kwenye bunduki yao ya Mauser K98k waligandisha tabaka nyembamba za bichi kwa gundi na joto, mithili ya plaiwudi. Kitako hicho ni kizito kuliko cha walnati, lakini unyevu haukipindi. Kwangu mimi hicho ndicho kitako bora cha vita vile, sura mbaya au la.

Matunzo: mafuta mabichi ya kitani, kidogo kidogo, yasugue kwa kiganja, futa yanayobaki. Mafuta ya mashine yasiguse mbao. Bunduki ikihifadhiwa mtutu juu, yanashuka na kulainisha mbao nyuma ya chumba cha risasi. Ikishakuwa nyeusi na laini hapo, angalia nyufa.