Tulivyokwenda Tshangalele na babu wa watoto

Watu wa Lubumbashi wakitaka kupumzika kando ya maji huwaza mbali: ziwa Moero, ziwa Tanganyika. Mimi nilitaka watoto wangu waanze na Tshangalele, kwa sababu ziwa hilo limeletwa na shaba. Kabla ya mwaka 1930 pale palikuwa tambarare ya mto Lufira. Union Minière, kampuni ya Wabelgiji ya kuchimba shaba, ikaufunga mto kule Mwadingusha ili viwanda vyake vipate umeme, maji yakatanda, wavuvi wakafuata.

Baba mkwe wangu alifanya kazi Shituru, kiwanda cha shaba cha mji wa Likasi, mpaka akastaafu, na miguu yake siku hizi haimsaidii sana. Mke wangu aliogopa safari itamchosha. Nikaamua tugawe njia: tulale kwanza Likasi, yapata kilomita 120, kisha tuingie Kapolowe, kando ya ziwa, wakati wa kurudi. Tulichagua mwezi wa saba, maana masika njia za pembeni huwa matope matupu. Kama unakwenda mwezi huo wa saba, beba masweta. Usiku wa Likasi una baridi kali.

Kiwandani hatukuingia. Tulisimama barabarani tu, simu zikiwa mfukoni, kwani kupiga picha migodi na mabwawa huleta matatizo na walinzi. Lakini mzee alisimulia vizuri kuliko maandishi yoyote. Mawe husagwa, hulowekwa katika asidi, kisha umeme huivuta shaba itoke kwenye yale maji, ijishike kidogo kidogo hadi iwe bamba zito. Alikuwa akionyesha unene wake kwa vidole. Mwanangu mkubwa akauliza, "Babu, sasa umeme ulitoka wapi?" Akajibu, "Kesho utapanda juu yake."

Kapolowe ukiacha barabara kuu unapata pikipiki hadi majini. Nilianza kwa kwenda kumsalimu mkubwa wa kijiji na kueleza sisi ni nani. Baada ya hapo kila kitu kilikuwa rahisi. Yeye ndiye aliyetuelekeza kwa mvuvi mtu mzima, tukapatana bei kabla ya kupanda. Maboya ya kuvaa nilikuwa nimeazima mjini, na ninasisitiza hilo kwa yeyote mwenye watoto: ufukweni usitegemee kuyakuta.

Tulitoka alfajiri, upepo haujaamka. Mvuvi hakupiga kasia. Alisimama nyuma ya mtumbwi akisukuma kwa upondo mrefu, ukizama kidogo tu na kutoka na tope jeusi nchani, maana ziwa ni kina kifupi. Yangeyange walijaa kwenye matete. Baba mkwe alikaa katikati, mkono ndani ya maji, akiwataja rafiki zake wa kazini mmoja mmoja.

Kuogelea nilikataza, kwa sababu ya kichocho. Samaki nao nina la kusema. Mto Panda unapita Likasi na kuleta ziwani mabaki ya viwanda. Watafiti wamekwisha kukuta kobalti na shaba kwenye tope na ndani ya samaki. Tulikula mlo mmoja wa samaki wa kuchoma na bukari, yaani ugali, kwa mama mmoja pale ufukweni, na ulikuwa mtamu. Furushi la kupeleka nyumbani sikununua. Wanaokula samaki hao kila siku ni watoto wa Kapolowe, na ningependa waliochukua shaba wawajibike kwanza kwao.

Jioni tulirudi Lubumbashi kwa gari la abiria. Mzee hakuchoka, sasa anataka tumpeleke Mwadingusha kwenyewe, akayaone maporomoko.