Kuhesabu mingurumo ya ndovu: siku moja kazini

Saa 2 asubuhi. Ukisema unachunguza sauti za ndovu, watu hudhani unashinda Amboseli na darubini shingoni. Mimi nashinda Nairobi mbele ya kompyuta, nikipiga hesabu: je, mngurumo wa ndovu unabeba jina la anayeitwa? Kwanza nanakili faili za mbugani kwenye diski mbili, kisha nazilinganisha na daftari la uwandani: nani alinguruma, kwa nani, saa ngapi. Faili isiyo na maelezo hayo inawekwa kando, hata iwe safi vipi.

Saa 3. Kinasa sauti huchukua sampuli, yaani vipimo vya sauti, 48,000 kwa sekunde. Sauti ya msingi ya mngurumo mara nyingi iko kati ya Hz 10 na 20 (mitetemo kwa sekunde), chini ya uwezo wa sikio letu. Tunachosikia ni hamoniki zake: sauti za juu zilizo mara mbili, mara tatu na kuendelea ya ile ya msingi. Kwa hiyo sampuli 2,000 kwa sekunde zinatosha, napunguza. Ila chuja kwanza kila kilicho juu ya Hz 1,000, la sivyo ndege aliyelia kwa Hz 1,900 atatokea kwenye data kama Hz 100.

Saa 4, spektrogramu: picha ya masafa ya sauti (wingi wa mitetemo) yanavyobadilika kwa wakati. Hapa ndipo siku inapoliwa. Dirisha, yaani kipande cha sauti kinachopimwa kwa mpigo mmoja, la sekunde 1 linatenganisha masafa kwa Hz 1 lakini linafifisha mpando na mshuko wa sauti. La robo sekunde linaonyesha mabadiliko vizuri, ila linatenganisha kwa Hz 4 tu. Halafu kuna gari. Injini ya dizeli ya silinda nne ikinguruma taratibu kwa mizunguko 750 kwa dakika huwasha mafuta mara 25 kwa sekunde, basi inachora mistari ya Hz 25, 50, 75, katikati kabisa ya hamoniki za ndovu. Programu ya kufuatilia mistari hufuata injini badala ya mnyama. Dawa ni macho: mstari wa injini umenyooka, wa ndovu unapinda. Unarekebisha nukta kwa nukta mpaka shingo inakauka. Zimeni gari, jamani!

Chakula kimepita hivihivi.

Alasiri, mwanafunzi anayefundisha modeli (programu ya kukisia nani anaitwa kutokana na mngurumo) anakuja mbio: "Mwalimu, modeli inajua nani anaitwa, karibu kila mara!" Matokeo mazuri hivyo yananitia shaka. Katika utafiti uliochapishwa 2024, wa mingurumo 469 ya Samburu na Amboseli, modeli ilipatia aliyeitwa kwa asilimia 27.5, dhidi ya 8 kwa data ya kubahatisha. Tunafungua jedwali: mingurumo ya mfululizo mmoja imegawanywa, mingine ya kufundishia, mingine ya kupimia. Upepo uleule, ndovu yuleyule, dakika ileile; modeli imekariri mazingira. Mfululizo mzima ukae upande mmoja. Kugawa upya kunakula saa nzima na ushee.

Giza likiingia, kompyuta inaanza kuchanganya majina ya walioitwa mara 10,000, ndani ya mingurumo ya kila mwitaji. Asubuhi tutahesabu ni mara ngapi bahati ilifikia au kupita matokeo halisi, tuongeze 1, tugawanye kwa 10,001: huo ndio uwezekano wa bahati tupu kutoa matokeo kama hayo. Programu huhifadhi kila baada ya mizunguko 500, maana stima hukatika.