Monita ya chogo kwa magemu ya zamani: soma kilohezi kwanza

Mtu akisikia kuna monita ya chogo inauzwa, ile ya zamani yenye tyubu nzito ya kioo, huuliza ni ya inchi ngapi. Swali zito ni jingine: inapokea kilohezi ngapi? Hiyo ni idadi ya mistari, kwa maelfu, ambayo monita huichora kila sekunde. Ndiyo inayoamua kama gemu litaonekana au kioo kitabaki cheusi.

Kompyuta ya Amiga 500 na mashine za magemu za Super Nintendo na Mega Drive hutoa kilohezi 15 na ushee. Kompyuta ya VGA, mfumo wa picha ulioletwa na IBM mwaka 1987, hutoa 31.5. Monita nyingi za kompyuta za miaka ya 1990 na 2000 hazishuki chini ya 30, kwa hiyo ukiunganisha Amiga kwa waya wa kugeuza tundu tu, utapata giza au picha iliyochanikachanika. Waya unabadilisha umbo la plagi, haubadilishi mawimbi. Kwa mashine hizo tafuta monita ya Commodore 1084S, au TV ya chogo yenye tundu la SCART, lile pana la pini nyingi. Na tahadhari: monita za kale kabisa hazina kinga dhidi ya mawimbi yasiyo yake. Zikianza kupiga mlio mwembamba usio wa kawaida, zima papo hapo.

Kwa magemu ya DOS, mfumo wa kompyuta wa kabla ya Windows, chogo ndipo mahali pake. Mengi yalichorwa kwa nukta 320 kwa 200, lakini kioo kina upana wa 4 kwa kimo cha 3, hivyo kila nukta ilikuwa ndefu kuliko upana wake kwa asilimia 20. Kwenye skrini bapa isiyorekebishwa, duara huwa yai na nyuso za watu hubonyea. Hapa inchi 14 au 15 inatosha, tena naipendelea kuliko 19. VGA huchora kila mstari mara mbili. Monita kubwa yenye nukta ndogondogo huanika ngazi zote za kingo za picha, ndogo huzilainisha.

Magemu ya Windows 98 yanataka zaidi. Picha ikichorwa upya mara 60 kwa sekunde, macho huchoka, weka 85. Nukta 800 kwa 600 kwa kasi hiyo zinahitaji karibu kilohezi 54, na 1024 kwa 768 zinahitaji karibu 69. Monita inayoishia 54 haitafika hapo, hata iwe safi namna gani. Kiwango kimeandikwa kwenye kitabu chake, na mara nyingine kwenye kibandiko cha nyuma. Hapohapo soma umeme: 100-240V ni salama kwetu, lakini iliyoandikwa 120V peke yake itaungua ukiichomeka ukutani bila transfoma.

Ukienda kununua, nenda na laptopu yenye tundu la VGA. Omba monita iwashwe ikiwa ya baridi, kisha kaa nayo nusu saa, maana kuna hitilafu zinazojitokeza ikishapata moto. Fungua ukurasa mweupe mtupu. Mabaka ya rangi pembeni mara nyingi ni usumaku tu: sogeza spika, kisha tumia kitufe cha kuondoa usumaku, utasikia mshindo mfupi na picha itatikisika. Kama mwanga umepandishwa hadi mwisho na picha bado hafifu, tyubu imechoka. Iache. Plagi ya VGA kukosa pini moja katikati, namba 9, ni kawaida. Kadhalika uzi mmoja au miwili myembamba inayokatiza kioo cha Trinitron, aina ya tyubu ya Sony: ni nyaya za kushikilia wavu wa ndani, wala si mkwaruzo.

Picha yote ikiwa ya njano, rangi ya bluu haifiki. Tikisa waya karibu na plagi. Ikirudi, waya ndio uliokatika. Ukiona mstari mmoja mkali umelala katikati ya kioo, punguza mwanga au zima mara moja, la sivyo utachoma alama ya kudumu. Mara nyingi ni risasi ya kuchomelea iliyopasuka kwenye bodi au chipu ya kusukuma picha juu na chini, na fundi wa TV anaimudu. Maandishi yenye ukungu hurekebishwa kwa kuzungusha kitufe cha fokasi kilicho kwenye flaibeki, transfoma ya umeme mkubwa iliyo ndani.

Ndani hapo usiingie kama hujafundishwa. Tyubu ya rangi hubeba volti zipatazo 25,000, na inaweza kuzihifadhi hata baada ya kuchomolewa. Fundi huanza kwa kuutoa umeme huo: bisibisi yenye waya uliofungwa kwenye ardhi ya tyubu, ncha yake ikisukumwa chini ya kikombe cha mpira, pale waya wa umeme mkubwa unapoingia kwenye tyubu.

Safarini, monita ilazwe kioo kikiwa chini juu ya godoro au mto mnene, kwa sababu uzito wote uko mbele na shingo ya tyubu nyuma ni nyembamba kama kidole gumba. Ukiibeba, kioo kielekee kifuani. Ikiwa imetoka stoo yenye unyevu, iache saa kadhaa mahali pakavu kabla ya kuichomeka. Vumbi lenye unyevu hupitisha cheche za umeme mkubwa, nazo husikika kama mlio wa kupasuka nyuma ya chogo.